Kufuta Jina ni Kuhukumu: Orodha ya Wapiga Kura, Wafungwa na Wajibu wa Kanisa



Uchaguzi mkuu unaofuata katika inchi yetu unangojewa mwaka 2028. Kwa wengi wetu hapa Mashariki jambo hilo linaonekana liko mbali, maana ya leo yanatutosha: vita, njaa, jamaa waliotawanyika. Lakini orodha ya wapiga kura haitengenezwi siku ya kura. Inatengenezwa mapema, na ni wakati huo ndipo yanaamuliwa mambo ambayo makanisa yetu hayajayafikiri vya kutosha: ni nani anayepaswa kuondolewa katika orodha, nani ana mamlaka ya kumwondoa, na kwa njia gani.

Tunasikia maneno mawili yakisemwa hata kwenye viwanja vya kanisa baada ya ibada. La kwanza: orodha imejaa watu wa uongo, isafishwe. La pili: majina yetu yanafutwa makusudi ili tusipige kura. Wanaosema la kwanza na wanaosema la pili mara nyingi hawapatani. Sisi tunaona kwamba kila upande umeshika sehemu ya kweli. Jina la uongo katika orodha ni wizi, kwa sababu kura yake inaua kura ya mtu wa kweli. Na jina la kweli lililofutwa ni wizi vilevile. Njia ya kuepuka wizi wote wawili ni moja: kufuta jina la mtu kuhesabiwe kuwa hukumu, kusihesabiwe kuwa kazi ya kufagia.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 5, inasema wapiga kura ni Wakongomani wote, wanaume na wanawake, waliotimiza miaka 18 na wenye haki zao za kiraia na za kisiasa. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, inataja katika kifungu cha 7 wale wasioweza kupiga kura: mtu ambaye waganga wamehakikisha kwamba amepotewa na akili kabisa, mtu aliyenyang'anywa haki za kiraia na za kisiasa kwa hukumu ya mwisho ya tribinali, mtu asiye Mkongomani, pamoja na wanajeshi na polisi.

Tuangalie vizuri kile kisichokuwamo. Haikuandikwa kwamba aliyewahi kufungwa hapigi kura. Haikuandikwa kwamba anayeshitakiwa hapigi kura. Haikuandikwa kwamba anayesema luga fulani, au mwenye sura fulani, au aliyekimbia kijiji chake, hapigi kura. Mambo hayo tunayaongeza sisi wenyewe kwa midomo yetu, na mara nyingine wenye mamlaka wanayatenda pasipo kuyaandika.

Tusichanganye pia haki ya kupiga kura na haki ya kuchaguliwa. Kwa wagombea sheria ni kali zaidi, nayo inakataza waliohukumiwa kwa makosa kama uhalifu wa vita, ubakaji, rushwa na wizi wa mali ya serikali. Mwaka 2018 Jean-Pierre Bemba aliondolewa katika orodha ya wagombea urais kwa sababu Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilikuwa imemhukumu kwa kosa la kuhonga mashahidi. Watu waligombana sana juu ya uamuzi ule. Lakini hata wenye kuukubali wajue kwamba kumzuia mtu asiongoze hakumaanishi kumzuia asichague.

Mamilioni yanayoondoka

Katika uandikishaji wa miaka ya 2016 hadi 2018, Tume ya Uchaguzi, CENI, iliandika zaidi ya watu milioni 46. Baada ya kusafisha orodha walibaki wapata milioni 40. Zaidi ya milioni sita waliondolewa, wengi wao wakiwa watu walioandikishwa mara mbili, na mamia ya maelfu wakiwa watoto wasiofikia umri. Halafu wakaguzi wa shirika la inchi zinazosema Kifaransa, OIF, waliona kwamba wapiga kura 16.6% waliobaki katika orodha hawakuwa na alama za vidole.

Tufikiri maana yake. Milioni sita ni watu wengi sana. Hatusemi walionewa. Aliyejiandikisha mara mbili anapaswa kubaki mara moja tu, na mtoto wa miaka 15 hana kura. Tunachouliza ni hiki: ni wangapi kati yao walijulishwa? Ni wangapi walipata nafasi ya kusema, "Huyu siye mimi," au, "Mimi nimetimiza miaka 18, shahidi wangu ni huyu"?

Mwezi wa Desemba 2022 kazi ilianza upya. Hapa Mashariki uandikishaji ulifunguliwa mwezi wa Februari 2023, na mwishoni orodha ya inchi nzima ilikuwa na karibu milioni 44. Ukaguzi ulifanywa mwezi wa Mei na watu watano kwa muda wa siku sita, nao walisema orodha inaaminika. Wengi hawakuridhika, na tunaona walikuwa na sababu. Daktari akipita katika wodi ya wagonjwa 100 kwa dakika tano, hata kama maneno yake ni ya kweli, wagonjwa hawatayaamini. Imani ya watu katika orodha ni sehemu ya orodha yenyewe.

Na mwaka uleule tuliona ajabu nyingine: kadi ambazo wino wake ulififia ndani ya miezi michache tu. Mama aliweka kadi katika kitambaa chake, akaitoa, akakuta jina na picha vimetoweka. CENI ilisema kadi iliyofifia haimzuii mtu kupiga kura, mradi jina lake liko katika orodha. Hivyo orodha ikawa ndiyo kila kitu. Kadi ikififia, na jina pia limefutwa, mtu yule amebaki na nini?

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu kuliko kwingine

Kuna inchi ambako kufutwa katika orodha ya uchaguzi ni kupoteza kura peke yake. Kwetu ni zaidi. Inchi hii haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuwa na kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya mpiga kura. Ndiyo unayoonyesha kwenye bariere, ndiyo inayoombwa benki, ndiyo unayotoa ukitaka simkadi au ukienda kupokea pesa zilizotumwa kwa simu. Asiye nayo analipa njiani, au analala pale.

Hiyo ni sababu moja inayofanya watoto waandikishwe. Wako watoto walioletwa na wanasiasa ili kuongeza hesabu ya eneo lao, maana viti vya wabunge vinagawanywa kwa kufuata hesabu ya walioandikishwa. Hilo ni uovu, tuliite kwa jina lake. Lakini wako pia vijana wa miaka 16 waliopelekwa na wazazi wao kwa sababu ya hofu ya bariere. Wa kwanza na wa pili wamo katika orodha moja, na mashine ikiwaondoa haioni tofauti. Serikali ikitaka orodha safi, impe kijana kitambulisho kisichokuwa kadi ya uchaguzi. Pasipo hiyo, tutaendelea kusafisha maji huku bomba likitoa matope.

Kuna pia jambo la majina yetu na mikono yetu. Kwa ndugu zetu Wanande, majina hufuata utaratibu wa kuzaliwa, kwa hiyo Butembo na Beni zimejaa akina Kambale, Kakule, Masika na Kavira. Mtu akitaka kuondoa majina yanayofanana, ataondoa mtaa mzima. Ndiyo maana alama za vidole zinatumiwa. Lakini mkulima aliyeshika jembe miaka 40, au kijana anayeponda mawe katika machimbo, vidole vyake vimelika. Watu wa namna hiyo ndio wanaojaza viti vya makanisa yetu.

Neno "mgeni"

Tunafika mahali penye maumivu. Hapa Kivu na Ituri, anaposemwa mtu asiyestahili kuwa katika orodha, wengi hawafikiri aliyeandikishwa mara mbili. Wanafikiri mgeni. Ni kweli kwamba mipaka yetu iko wazi na kwamba asiye Mkongomani hana ruhusa kuchagua viongozi wa Kongo. Kusema hivyo si chuki. Ni sheria, na kila inchi inayo.

Lakini tunaijua historia. Mwaka 1981 sheria mpya ya uraia iliwanyang'anya watu wengi wenye kusema Kinyarwanda uraia waliokuwa nao, kwa kundi, bila mtu mmoja mmoja kusikilizwa. Wataalamu wengi wanakubali kwamba ugomvi juu ya uraia ni mmoja wa mizizi ya vita vilivyofuata, na matunda yake tunayala mpaka leo. Sheria ya uraia ya mwaka 2004 na Katiba zimesema kwamba ni Mkongomani kwa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na inchi yao vilikuwa sehemu ya kile kilichokuwa Kongo wakati wa uhuru. Kwa hiyo swali la uraia linajibiwa kwa ushahidi juu ya mtu fulani, mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua. Halijibiwi kwa kutazama pua yake wala kwa kusikiliza matamshi yake.

Na kufutwa kunaweza kuja bila kalamu. Mwezi wa Desemba 2018, wapiga kura zaidi ya milioni moja wa Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa wangoje kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais alitangazwa na kuapishwa mwezi wa Januari 2019, nao wakapiga kura ya wabunge mwezi wa Machi. Majina yao yalikuwa katika orodha, lakini kura yao ya urais haikuwapo. Mwaka 2023 Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa AFC/M23, kambi za wakimbizi kando ya Goma zikavunjwa, watu wakatawanyika tena. Mtu aliyeandikishwa Sake, akakimbilia Kanyaruchinya, kisha akarudi kwenye nyumba isiyo na mabati, ataandikwa wapi? Na waliokufa njiani, wakazikwa bila karatasi yoyote, ni nani atakayesema wameondoka, ili mwingine asipige kura kwa majina yao?

Aliye gerezani

Tumesema kwamba kwa sheria yetu haki ya kupiga kura inapotea kwa hukumu ya mwisho ya tribinali inayoiondoa. Sasa tuende gerezani. Wachungaji na mashemasi wanaotembelea wafungwa wanajua kwamba wengi walio ndani hawajahukumiwa bado. Wanangoja. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, na mwezi wa Septemba mwaka ule serikali ilisema watu 129 walikufa humo katika jaribio la kutoroka. Magereza ya Mashariki nayo yalikuwa yamejaa kwa namna hiyohiyo.

Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kila anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Basi yule anayengoja ni mpiga kura kamili. Lakini hawezi kufika kwenye kituo alikoandikishwa, kwa sababu mlango umefungwa. Hakuna hakimu aliyemnyang'anya haki. Ukuta ndio uliomnyang'anya. Na anapotoka, mara nyingi yeye mwenyewe anaamini hana haki tena, na jirani zake wanaamini vilevile.

Jirani zetu wamelifikiri jambo hili. Katika Afrika ya Kusini Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 1999, na tena mwaka 2004, kwamba wafungwa wanabaki wapiga kura. Kenya iliwaruhusu wafungwa kupiga kura katika kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010. Tanzania, mwaka 2022, Mahakama Kuu ilikataa kifungu kilichowafungia nje wafungwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao.

Na kwa Wazungu wenyewe kuna somo la hatari. Marekani, majimbo mengi huondoa kura ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2000, jimbo la Florida lilitumia orodha ya wahalifu iliyolinganishwa na orodha ya wapiga kura kwa majina yanayokaribiana. Miongoni mwa waliofutwa walikuwamo watu wasiowahi kuhukumiwa kamwe, na Weusi ndio walioumizwa zaidi. Wengine walijua siku ile walipofika kupiga kura. Urais wa inchi nzima uliamuliwa katika jimbo lile kwa tofauti ya kura 537. Mwaka 2018 wananchi wa Florida, karibu 65%, walikubali kuwarudishia kura wengi wa waliomaliza adhabu yao. Mwaka uliofuata wabunge wakaongeza sharti la kulipa kwanza faini na gharama zote. Hivyo maskini akabaki nje, na mwenye pesa akaingia. Hata inchi yenye mashine na mawakili wengi inakosea hivyo. Sisi tutakosea mara ngapi tusipokuwa waangalifu?

Neno la Mungu linatufundisha nini

Kitabu cha Ezra, sura ya pili, ni orodha ndefu ambayo tunairuka haraka tunaposoma. Tusiiruke. Watu wanarudi kutoka uhamishoni, na majina yanaandikwa. Wamo wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, watu 652, ambao hawakuweza kuonyesha kwamba ukoo wao ni wa Israeli. Hata hivyo wametajwa na kuhesabiwa pamoja na wengine waliopanda. Kisha wako wana wa makuhani waliotafuta majina yao katika kitabu wasiyaone. Hao walizuiwa wasifanye kazi ya kuhani, lakini kwa muda, mpaka apatikane kuhani wa kuuliza kwa Bwana. Jambo lao liliachwa wazi. Wazee wale walijali usafi wa orodha, ila hawakuigeuza mashaka kuwa hukumu.

Tukumbuke pia Mtume Paulo katika Matendo sura ya 22. Amefungwa kwa kamba, yuko karibu kupigwa mijeledi, na ni pale anapouliza kuhusu haki yake kama raia wa Rumi. Minyororo haikumwondolea uraia. Jemadari aliposikia aliogopa, kwa sababu alijua sheria inamfuata mtu hata ndani ya gereza.

Na Bwana wetu, katika Matayo 18, alitupa sisi wenyewe utaratibu wa kumtoa mtu katika ushirika: kwanza umwendee peke yako, halafu mbele ya mashahidi wawili au watatu, halafu mbele ya kanisa. Hakuna hatua ya kumfuta ndugu usiku, akute jina lake halipo Siku ya Bwana. Kama tunadai hivyo kwa orodha ya washiriki wa parokia, tunaweza kudai hivyo kwa orodha ya taifa.

Tufanye nini

Kanisa letu halipigi kampeni. Lakini ECC pamoja na Wakatoliki wa CENCO tayari wanatuma waangalizi siku ya kura, na ni vema. Tunaomba kazi hiyo ianze mapema zaidi, kwenye orodha yenyewe.

Kwa CENI na kwa serikali tunaomba mambo matatu. Orodha ya wanaokusudiwa kuondolewa ibandikwe kituoni pamoja na sababu ya kila jina, kwa siku za kutosha, kabla ya kufuta. Mtu aweze kulalamika karibu na kwake, bila malipo na bila kusafiri mpaka mji mkuu wa mkoa. Na kwa wafungwa wasiohukumiwa na wakimbizi wa ndani, itafutwe njia ya kuwaandika na kuwapigisha kura pale walipo.

Kwa makanisa yetu, mambo ni madogo lakini yanawezekana. Parokia zitunze vizuri vitabu vya ubatizo na vya kubariki watoto, kwa maana kwa familia nyingi ndiyo maandishi pekee ya umri wa mtoto. Tuwakumbushe wazazi waandikishe mtoto mbele ya serikali ndani ya siku 90, kama sheria inavyotaka. Tuandike vifo vya washiriki wetu, pamoja na wale waliozikwa njiani. Wanaokwenda gerezani na chakula na Biblia wawaambie wafungwa kwamba wangali raia. Na mkristo anayeitwa kuwa shahidi wa jirani kituoni aseme kweli: asimtambulishe asiyemjua kwa sababu ya chama, wala asimkane anayemjua kwa sababu ya kabila.

Huenda mwaka 2028 utafika na wengine wetu hatutakuwa katika vijiji vyetu. Lakini kama kila mtu atakayeondolewa katika orodha amejulishwa sababu na amesikilizwa, hata tukishindwa katika kura, tutajua kwamba hatukuibiwa. Na kama kila mtu wa kweli atabaki, hata yule tusiyempenda, tutakuwa tumemtendea jirani kile tunachotaka tutendewe.

Bwana, ambaye anawajua walio wake kwa majina, awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.